Hatari Iko Stoo, Si Mezani

Karatasi ya vitendo ya Kemia katika KCSE, ile 233/3, huanza kabla mtahiniwa hajaingia maabara. Baraza la Mitihani ya Kitaifa hutangulia kuzipelekea shule maagizo ya siri yanayotaja kila kifaa na kila kemikali itakayohitajika. Mara nyingi humo huwa na asidi ya hidrokloriki ya 2M. Ili kuipata, unachukua sentimita 172 za ujazo za asidi ambayo haijazimuliwa, unaiongeza kwenye maji, kisha unajazia maji hadi lita moja. Shule yenye watahiniwa 100, kila mmoja akipewa sentimita 100 za ujazo, itahitaji lita 10. Hizo zinakula lita 1.72 za asidi nzito, zaidi ya nusu ya chupa ya kawaida ya lita 2.5, na aghalabu mtu mmoja ndiye anayezimimina zote.

Mtu huyo ni msaidizi wa maabara. Sasa mweke Sosiot, huku Belgut, Kericho, kwenye mashamba ya chai, jioni ya kuamkia mtihani. Mvua ya alasiri imepiga, pengine na mawe yake, baridi imeingia na madirisha yamefungwa. Asidi hii hutoa gesi inayowasha koo na macho mara tu kifuniko kinapolegezwa, kwa hiyo yafaa izimuliwe ndani ya kabati la kutolea mvuke. Palipokosekana kabati, afadhali meza ihamishiwe varandani na mtu avumilie baridi, upepo ukimpiga mgongoni na kuipeleka gesi mbali naye. Kumimina asidi ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu nje kuna baridi ni kosa, hata kama limezoeleka.

Asidi ya salfuriki ina shida yake. Inapokutana na maji hutoa joto jingi mno. Ndiyo maana asidi huingizwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Ukifanya kinyume, yale maji machache ya juu huchemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Chupa ya lita 2.5 ya asidi hii ina zaidi ya kilo nne na nusu za asidi, bila kuhesabu kioo. Mahali pake ni rafu ya chini kabisa, ndani ya trei ya plastiki itakayopokea kilichomwagika. Nimewahi kuiona juu ya kichwa cha mtu, kwenye rafu iliyoshikiliwa na vyuma vilivyoliwa na kutu. Kilichovila ni mvuke wa chupa nyingine za asidi zilizokaa kwenye rafu hiyo hiyo.

Nadhani kosa kubwa zaidi hutokana na nia njema. Mwalimu mpya anakuta stoo imevurugika, anaamua kuipanga kwa alfabeti ili kila kitu kipatikane upesi. Kwa vitabu, mpango huo hauna neno. Kwa kemikali, asidi ya ethanoiki, ambayo inawaka, inaketi rafu moja na asidi ya nitriki, ambayo huuchochea moto. Gliserini na potasiamu manganeti nazo zikimwagika na kukutana kwenye rafu huwasha moto zenyewe bila kiberiti. Amonia ikiwekwa karibu na asidi ya hidrokloriki huacha ungaunga mweupe juu ya kila chupa. Ukiuona unga huo stooni, jua kwamba gesi mbili zimekuwa zikikutana hewani humo kwa muda mrefu, na anayeingia kuchukua bika anazivuta.

Upangaji unaofaa hufuata tabia ya kemikali: asidi mbali na besi, vinavyowaka kama ethanoli na propanoni kwenye kabati la chuma la peke yake, vichochezi vya moto upande wao, nayo nitriki itengwe hata na asidi wenzake. Sodiamu hukaa ndani ya mafuta ya taa, na mafuta hayo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kwenye unyevu wa Kericho, mtu lazima aitazame kila muhula.

Unyevu huo huo hubandua karatasi za majina, na chupa isiyo na jina ni mzigo ambao shule haiwezi kuutumia wala kuumwaga. Mbaya kuliko hiyo ni chupa yenye jina la uongo: asidi iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vyombo vya kemikali hatari viwe na lebo, na karatasi za maelezo ya usalama ziwepo mahali pa kazi. Shule ni mahali pa kazi. Kalamu isiyofutika na selotepu pana juu ya lebo hazigharimu sana.

Baada ya mtihani huja kuosha vyombo. Chumvi za risasi hutumika katika majaribio ya kutambua ayoni, na zikimiminwa kwenye sinki haziozi. Mito ya Kericho, kupitia Sondu na Nyando, huishia Ziwa Victoria. Tenga ndoo moja yenye jina kwa mabaki ya risasi, itunzwe mpaka ikabidhiwe mwenye leseni ya kubeba taka hatari. Asidi iliyozimuliwa yenyewe yaweza kutulizwa kwa magadi kwanza, ndipo ikapelekwa mferejini kwa maji mengi.

Jambo linalonikosesha raha zaidi ni la juzi tu. Tangu Januari 2023, Gredi ya 7 ilipoanza, sekondari ya msingi imewekwa ndani ya shule za msingi. Nyingi kati ya hizo hazikujengwa zikiwa na maabara, wala stoo yenye kufuli. Sayansi Jumuishi inafundishwa kwa vitendo, kwa hiyo kemikali zimeingia kwenye kabati la vitabu, ndani ya ua wanamochezea watoto wa chekechea. Mwalimu hana msaidizi. Kununua kemikali kabla ya kununua kabati la chuma ni kuanza kazi kwa mwisho wake, na wizara ingepaswa kukataa kugharamia la kwanza mpaka la pili lionekane.

Mwalimu mkuu, nawe mwenyekiti wa bodi, wiki hii ombeni ufunguo wa stoo. Ingieni pamoja na msaidizi wa maabara, mhesabu chupa zisizo na majina, na kabla hamjatoka mteremshe asidi ya salfuriki kwenye rafu ya chini.