Watoto wa Meza ya Seremala

Ukipita Keko, Dar es Salaam, utaona makabati na vitanda vimepangwa hadi kando ya barabara. Mimi huinama kwanza nitazame chini ya benchi ya fundi. Hongera zake aliyejitengenezea watoto wa meza, yaani droo, maana seremala humalizia kazi za watu, yake mwenyewe ikabaki kiporo.

Na si kazi ndogo. Kati ya uso wa benchi na droo ya kwanza lazima abakize nafasi ya kupitisha klampu, la sivyo hataweza kubana ubao. Droo ya juu haina kina: patasi hulala humo kila moja mahali pake, makali yasigongane. Randa hukaa katika droo ya pili. Misumari, skrubu na bawaba huenda chini kabisa, na uzito huo huituliza benchi fundi anaposukuma randa kwenye mninga. Kitako cha mbao cha droo hakipigwi gundi pande zote. Huchomekwa kwenye mfereji kipate kupumua, kwani masika mbao hutanuka, na droo iliyobanwa mno hukwama. Njia zake husuguliwa mshumaa tu.

Chuma hakipatani na hewa ya pwani, wala na unga wa mbao unaonyonya unyevu. Ndani ya droo, patasi iliyopakwa mafuta hukaa salama. Nawapa mkono mafundi hawa. Kwao, mwanafunzi akiagizwa patasi ya nusu inchi, haulizi iko wapi.