Damu na Malezi katika Filamu za Raj Kapoor

Waswahili wana methali mbili zisizoweza kukaa nyumba moja bila ya kugombana. Ya kwanza yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza humhukumu mtu kabla hajazaliwa. Ya pili huwahukumu wale waliomlea. Ugomvi wa methali hizi ndio uliomshughulisha Raj Kapoor, mwongozaji filamu wa Bombay, kwa zaidi ya miaka ishirini. Ajabu ni kwamba mdomo wake uliyatetea malezi hali mkono wake ukiitumikia damu.

Raj alizaliwa Peshawar tarehe 14 Desemba 1924, mtoto wa mwigizaji Prithviraj Kapoor. Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alionekana katika *Inquilab*, filamu ya Debaki Bose iliyotengenezwa Calcutta, ambayo baba yake naye aliigiza. Ukubwani hakuanzia kileleni. Alifanya kazi chini ya mwongozaji Kidar Sharma, akigonga kile kibao kigongwacho mbele ya kamera kabla ya picha kuanza, mpaka Sharma huyo huyo akampa nafasi ya mbele katika *Neel Kamal* ya mwaka 1947. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23 tu, alianzisha kampuni yake na kuongoza filamu yake ya kwanza, *Aag*. Filamu hiyo inarudi nyuma kwenye utoto wa mhusika mkuu, na mtoto aliyemwigiza ni Shashi, mdogo wake Raj. Desturi ilianzia hapo: kila alipouhitaji utoto wake mwenyewe, Raj aliuchukua nyumbani kwao.

Desturi hiyo ilizaa tunda lake kubwa katika *Awaara*, ya mwaka 1951, iliyoandikwa na Khwaja Ahmad Abbas. Jaji Raghunath anashikilia kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na kwa imani hiyo amemfunga Jagga, ambaye baba yake alikuwa jambazi. Jagga anatoroka jela na kulipiza kisasi kwa kumteka nyara mke wa jaji. Mke anaporudi ana mimba. Jaji anaingiwa na shaka, anamfukuza, naye anajifungulia mtoto njiani. Mtoto yule analelewa katika ufukara. Jagga anamkaribia na kumfunza wizi, naye anaiba mkate kwa ajili ya mama yake na kuishia jela. Methali ya pili imeshinda: mtoto wa jaji, asiye na doa la nasaba, amekuwa mwizi kwa kuwa ulimwengu ndio uliomfunza.

Lakini mtazamaji na atazame nani wamo ndani ya mahakama ile. Jaji Raghunath ni Prithviraj, baba yake Raj. Kijana anayeshitakiwa ni Raj mwenyewe. Mtoto aliyeiba mkate ni Shashi. Hata mzee aliyekaa juu ya kiti cha hukumu ni Basheshwarnath, babu yake Raj. Filamu inayokana kwamba damu ni ajali ya mtu imebebwa na vizazi vitatu vya damu moja. Haya si makosa ya filamu, bali ndiyo nguvu yake. Wakili Rita, anayeigizwa na Nargis, anapomhoji jaji kuhusu mke aliyemtupa, maneno yake yanapata uzito usiotoka katika maandishi peke yake: usoni mwa baba na mwana mna ufanano ambao hakuna mpaka rangi awezaye kuubuni, na jaji anaukana mbele ya macho ya ukumbi mzima.

Hii ni sababu moja iliyoifanya *Awaara* ipendwe mbali na kwao. Ilipooneshwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1954 ilipata umaarufu mkubwa mno, na katika mwambao wa Afrika Mashariki wapenzi wa sinema wa Unguja na Mombasa waliipokea kama jambo lao. Wengi hawakujua Kihindi, lakini kesi yenyewe waliijua, kwani walikuwa na methali zake. Na palipokosekana lugha, palikuwa na nyimbo: maneno ya Shailendra na Hasrat Jaipuri, muziki wa Shankar na Jaikishan, sauti za Mukesh na Lata Mangeshkar. Mwambao uliokwisha kuzoea kutia beti za Kiswahili katika tuni za filamu za Kihindi, kama alivyofanya Juma Bhalo wa Mombasa, haukuhitaji mkalimani wa kuueleza huzuni ya mtoto aliyekataliwa.

Miaka kumi na tisa baadaye Raj aliirudia kesi ile ile, na hukumu ikageuka. *Mera Naam Joker*, ya mwaka 1970, inapita saa nne kwa urefu na ina sehemu tatu. Raju ni mtoto wa mchekeshaji wa sarakasi aliyefia kazini. Mama yake anaogopa mwana asifuate nyayo hizo, lakini anazifuata, na mama anafariki kwa mshituko akimtazama hewani. Hapa methali ya kwanza ndiyo inayotamalaki: mwana wa mchekeshaji ni mchekeshaji, apende asipende. Sehemu iliyo bora ni ile ya kwanza, ambapo Raju ni mwanafunzi anayempenda mwalimu wake, naye anaigizwa na Rishi, mwana wa Raj. Rishi hajihurumii, na kwa hivyo mtazamaji humhurumia. Anapoingia Raj mwenyewe kuwa Raju mtu mzima, mizani hupinduka: anajililia mno hata hakubaki machozi ya kuachiwa mtazamaji. Filamu ilianguka sokoni, ingawa miaka ya baadaye ilipata watetezi wengi.

Hata hivyo picha inayosema mengi kuliko zote kuhusu damu na malezi ni fupi, nayo imo katika *Shree 420* ya mwaka 1955. Raj na Nargis wanaimba mvuani chini ya mwavuli mmoja, na mbele yao wanapita watoto watatu waliovaa makoti ya mvua. Ni watoto wa Raj: Randhir, Ritu na Rishi. Randhir na Rishi walikuja kuwa waigizaji mashuhuri. Ritu hakuwa, wala mdogo wake wa kike, Rima, kwani desturi ya nyumba ile haikutaka mabinti waigize. Karisma, binti wa Randhir, aliingia katika filamu mwaka 1991, miaka mitatu baada ya babu yake kufariki.

Basi pana jambo ambalo mahakama ya *Awaara* haikuliuliza. Rita alisimama kortini kumtetea mwana aliyenyimwa nyumba ya baba yake. Hapakuwa na wa kumtetea binti. Mwongozaji aliyeweza kumwombea mjane haki ya kuolewa tena, katika *Prem Rog* ya mwaka 1982, aliyajua mateso ya wanawake. Lakini damu aliyoikana kwa maneno na kuitukuza kwa picha ilikuwa, kwa kweli, damu ya wanaume peke yao. Ama malezi, nayo yalifanya kazi yake: watoto watatu wa tumbo moja walipita katika mvua moja, na malezi ndiyo yaliyoamua nani atarudi mbele ya kamera.

Raj Kapoor alifariki tarehe 2 Juni 1988. *Awaara* ingali hai, na atakayeitazama pamoja na *Shree 420* ataziona methali zote mbili zikisema kweli, kila moja mahali ambapo mwenye filamu hakukusudia.