Mbuzi Kwenye Gunia Linaloonyesha Ndani

Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia huchekwa kwa sababu alilipa kabla ya kufungua. Mkusanyaji mpya wa sarafu za kale hana hata utetezi huo: gunia lake ni la plastiki angavu, na mbuzi anaonekana vizuri kabisa. Ndiyo maana analipa bila wasiwasi.

Tuanze na kasha halisi. Mwaka 1986 ilianza kazi Marekani kampuni ya PCGS, na mwaka uliofuata ikaja NGC. Kazi yao ni kupokea sarafu, kuhakiki uhalisi wake, kuipangia daraja kati ya 1 na 70, kisha kuifungia ndani ya kasha gumu lenye lebo na namba. Ubishi kati ya muuzaji na mnunuzi ukapungua, na watu wakazoea kununua kwa kuamini lebo. Walaghai nao wakaliona hilo. Kufikia 2008 kampuni zote mbili zilikuwa zimetoa tahadhari kwamba makasha yao yanaghushiwa, mengi yakitokea China.

Chukua dola ya Morgan, sarafu ya fedha ya Marekani, ya mwaka 1893 kutoka kiwanda cha San Francisco. Zilifuliwa 100,000 tu, na hata iliyochakaa huuzwa kwa maelfu ya dola. Kinachoitambulisha ni herufi S ndogo upande wa nyuma, chini ya shada la majani. Thamani yote imelalia hapo.

Mghushi ana njia mbili. Ya kwanza ni kubandika S kwenye dola halisi ya mwaka huohuo iliyofuliwa Philadelphia, ambayo haikuwekewa herufi yoyote. Ya pili ni kunakili sura ya sarafu halisi kwenye mihuri ya chuma, kisha kufua nakala kadiri atakavyo. Njia hii ya pili humwacha na doa: sarafu mama ikiwa na mbonyeo shavuni, kila nakala huzaliwa na mbonyeo uleule, mahali palepale. Ukiziona mbili za namna hiyo, angalau moja ni bandia.

Sarafu ikiwa mkononi, mizani ingemaliza kesi nyingi. Dola ya Morgan ina gramu 26.73, kipenyo cha milimita 38.1, na fedha asilimia 90. Ungeipima, ungegeuza ukingo wake, ungesikiliza mlio wake. Kasha linakuzuia kufanya hayo yote, na ukilivunja umeharibu ulichonunua. Hapo ndipo ujanja ulipo: mghushi hatengenezi kasha ili kupamba sarafu tu, analitengeneza ili kukunyang'anya mizani. Sumaku hunasa chuma, shaba huipita. Mashine zinazopima namna metali inavyopitisha umeme zinaweza kusoma hata kupitia plastiki, lakini dola halisi iliyobandikwa S itafaulu mtihani huo bila taabu.

Kuhusu lebo, wanunuzi wengi hudhani namba ndiyo ngao. Wanaiingiza kwenye tovuti ya kampuni, jibu linakuja: Morgan, 1893-S, daraja lilelile. Wanashusha pumzi. Kumbe mghushi hakubuni namba. Aliinakili kutoka kwenye picha ya sarafu halisi iliyokuwa ikiuzwa mahali pengine. Namba ni ya kweli, jibu ni la kweli, kilichomo kashani ndicho cha uongo.

Kwa hiyo usiishie kwenye namba, tafuta picha. Kampuni zote mbili huweka picha za sarafu nyingi walizozifungia. Fungua picha hiyo, weka ya muuzaji pembeni, fuatisha mikwaruzo na madoa ya rangi, moja baada ya jingine. Zisipofanana, hiyo ni sarafu nyingine.

Kisha chukua lenzi. Katika neno LIBERTY, kwenye sehemu ya juu ya herufi T, 1893-S halisi ina kimstari chembamba kilichoinuka, kwa kuwa upande wa mbele wa toleo lote ulifuliwa kwa muhuri mmoja. Kikikosekana, ikatae. Kikiwepo, usiikubali bado: nakala iliyotokana na sarafu halisi hurithi hata kimstari hicho. Malizia kwa kasha lenyewe. Kagua maungio ya pembeni kama yana gundi, nyufa au weupe wa plastiki iliyobanduliwa, na ulinganishe maandishi ya lebo na ya kasha la kipindi kilekile unaloliamini.

Kwa anayetafuta sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli Wajerumani wakiwa vitani, kanuni haibadiliki. Ikiwa nje ya kasha, ianzie kwenye mizani: gramu 7.168. Ikiwa ndani, ianzie kwenye picha.

Muuzaji mwaminifu hukupa muda wa kulinganisha na haki ya kurudisha. Anayekuharakisha, huku bei yake ikiwa nusu ya soko, mwachie mbuzi wake.