Baba na Mwana Katika Mji wa Tokyo

Msafiri aendaye nchi ya mbali huchukua mizigo miwili. Mmoja ni wa nguo na vitu vya safari, nao hufunguliwa na watu wa forodha. Wa pili ni yale ayaaminiyo juu ya nchi hiyo kabla hajaiona, nao hapana afisa awezaye kuufungua. Vitabu vingi vya safari vimeandikwa na watu waliorudi kwao na mzigo huu wa pili ukiwa umefungwa vile vile kama walivyoondoka nao. Kitabu tunachotaka kukipima katika insha hii ni cha namna nyingine, kwa kuwa mwandishi wake ametangaza juu ya jalada lenyewe kwamba alikosea. Kinaitwa Wrong About Japan, maana yake ni kwamba aliyoyadhani juu ya Japani hayakuwa sawa. Kilitolewa Marekani mwaka 2005.

Mwandishi ni Peter Carey, aliyezaliwa Australia mwaka 1943 na ambaye amekaa New York kwa miaka mingi. Ni mtunzi mashuhuri wa riwaya, aliyepata Tuzo ya Booker mara mbili, mwaka 1988 na mwaka 2001. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mwanawe wa miaka 12, mtoto mwenye haya na asiye na maneno mengi, alishikwa na mapenzi ya manga, yaani vitabu vya Kijapani vya hadithi za picha, na ya anime, yaani sinema za picha zilizochorwa. Baba akaanza kusoma na kutazama pamoja naye. Kwanza ili kumfurahisha, kisha kwa hamu yake mwenyewe. Mwishowe wakakata shauri kwenda Tokyo, wakawaone watu wanaofanya kazi hizo.

Kabla ya kuondoka, mwana alitoa sharti. Hakutaka kupelekwa kutazama ile "Japani ya kweli" ambayo watu wazima huipenda, yaani mahekalu, majumba ya makumbusho na mambo ya kale. Baba akakubali. Sharti hili ndilo mhimili wa kitabu kizima, maana tangu siku ya kwanza twamwona baba akilizunguka kama mtu azungukaye shimo njiani. Anapanga nyumba ya wageni ya kikale katika mtaa wa Asakusa, ilhali mwana anataka taa na mashine. Anampeleka kwa mfua panga mashuhuri, Yoshindo Yoshihara. Tena anampeleka kwenye mchezo mrefu wa Kabuki, ambao mtoto anauvumilia kwa taabu, akijua kwamba ahadi imevunjwa.

Watoto wetu tumewafundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kitabu hiki mambo yamegeuka. Mkuu ndiye ajikwaaye kwa kuwa hakusikia la mdogo, na hapo ndipo palipo uzuri wa kwanza wa kazi hii. Nyumbani, baba ndiye ajuaye njia, bei za vitu na desturi za watu. Katika mji ambao wote wawili hawajui kusoma vibao vyake, ukubwa huo hupungua. Mwana amekwisha kutazama Japani kwa miaka kadhaa katika michoro yake. Anajua majina ya mashine, ya wahusika na ya watunzi. Baba hana ila vitabu alivyosoma haraka na nadharia alizojitungia. Wote ni wageni, na mgeni ni kuku mweupe. Lakini katika maduka ya manga mwana ni mgeni aliye kwake kidogo, na baba ndiye anayefuata nyuma. Carey anayaandika haya bila kujionea huruma, na kwa mzaha mzuri unaomrudia yeye mwenyewe. Ni wazazi wachache walioweza kuandika hivyo juu ya mapungufu yao mbele ya watoto wao.

Uzuri wa pili umo katika mazungumzo yake na wasanii. Carey amekwenda na maswali marefu. Anaamini kwamba chini ya kila roboti na kila zimwi katika michoro hiyo kuna jambo kubwa lililofichwa, kama vile kushindwa vita, kutawaliwa na majeshi ya Marekani, au aibu ya taifa. Anamwuliza Yoshiyuki Tomino, aliyebuni Mobile Suit Gundam, mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 1979 juu ya vijana wanaopigana ndani ya mashine kubwa zenye umbo la mtu. Anamwuliza Hiroyuki Kitakubo, aliyeongoza sinema ya Blood: The Last Vampire ya mwaka 2000, ambayo kisa chake kimewekwa katika kambi ya ndege za Kimarekani huko Japani mwaka 1966. Majibu anayopewa ni ya heshima, lakini nadharia zake hazithibitiki. Msomaji aijuaye historia ya Gundam hatashangaa. Mfululizo ule ulilipiwa na kampuni ya vitu vya kuchezea watoto, na roboti zilikuwapo kwa sababu roboti huuzika. Haina maana kwamba kazi ya Tomino haina fikira. Anayo mengi ya kusema juu ya vita na vijana. Ila maana ya kazi ya sanaa haikai mahali ambapo mgeni ameamua kuitafuta.

Vivyo hivyo kuhusu neno otaku. Carey anamwuliza kila mtu maana yake, na kila mtu anamjibu namna yake. Asili ya neno hilo ni "nyumba yako", nalo lilikuwa njia ya adabu ya kumwambia mtu "wewe" bila kumkaribia mno. Baadaye likawa jina la watu waliozama katika mapenzi ya manga, michezo ya kompyuta na mambo ya namna hiyo, na mara nyingi likawa jina la dharau. Mwandishi amefanya vema kutolifungia neno hili katika tafsiri moja. Ameliacha likiwa gumu kama lilivyo, na msomaji anajifunza kwamba kuuliza vizuri ni bora kuliko jibu la haraka.

Walakini hapa lazima tumlaumu kwa jambo moja. Baba na mwana wanashindana kitabu kizima juu ya Japani ya kweli, mmoja akiikimbia na mwingine akiitamani, wala mwandishi haupimi vya kutosha msingi wa ugomvi wenyewe. Tutazame mtaa wa Asakusa alikofikia. Hekalu la Sensō-ji lililoko hapo ni maarufu kwa ukale wake. Lakini jengo lake kuu liliteketea katika Machi 1945, ndege za Kimarekani zilipomwaga moto juu ya Tokyo usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10, wakafa watu wapatao 100,000. Jengo lionekanalo leo lilimalizika mwaka 1958, nalo ni la saruji na chuma. Lango kubwa la mbele, Kaminarimon, lilikuwa limeungua tangu mwaka 1865. Likajengwa upya mwaka 1960 kwa fedha za Konosuke Matsushita, mwasisi wa kampuni ya vyombo vya umeme ambayo leo inaitwa Panasonic. Kwa hiyo mtalii asimamaye chini ya taa kubwa nyekundu ya lango hilo akisema kwamba ameiona Japani ya kale, amesimama chini ya kazi iliyolipiwa na faida ya redio na taa za umeme. Gundam ya mwana ni ndogo kwa lango hilo kwa miaka 19 tu.

Sisemi haya ili kulidharau hekalu. Watu wanaosali hapo ni wa kweli na ibada yao ni ya kale. Nasema kwamba ugomvi wa baba na mwana ungalipata kina kikubwa zaidi lau mwandishi angalituonyesha kwamba mambo ya kale na mambo mapya ya mji ule yametoka katika majivu yale yale. Anakaribia kufanya hivyo pale anapotueleza habari za mtu mmoja aliyenusurika moto wa mwaka 1945 alipokuwa mtoto. Kurasa hizo ni nzito kuliko zote. Ndani yake mzaha umekoma, nadharia zimekoma, na baba anasikiliza tu. Hapo msomaji anafahamu kwa nini mchoraji wa Kijapani anaweza kuchora mji unaoteketea, akauchorea watoto, bila kuona kwamba amefanya jambo la ajabu. Mwaka 1988 Isao Takahata alitoa sinema ya Grave of the Fireflies, juu ya kaka na dada yake mdogo katika mji wa Kobe wakati wa vita, nayo imechorwa kwa mkono uleule mwororo ambao hutumiwa katika hadithi za furaha. Lau kitabu kizima kingalifuata njia ya kurasa hizi, kingalikuwa kikubwa.

Sasa tumefika kwenye kasoro iliyo kuu, nayo ni Takashi. Huyu ni kijana wa Tokyo ambaye, kwa mujibu wa kitabu, mwana alifahamiana naye kwa njia ya intaneti kabla ya safari. Anajitokeza mapema, amevaa kama mmoja wa wahusika wa Gundam. Ana adabu nyingi, ni mwepesi wa kuudhika, na ni mkali kwa yeyote asiyeiheshimu sanaa aipendayo. Huwasahihisha wageni wake; huonekana na kupotea. Baadaye Carey mwenyewe alieleza katika mahojiano kwamba Takashi hakuwako. Alimbuni.

Wako watakaosema: kuna ubaya gani? Carey ni mtunzi wa riwaya, na mtunzi hutunga. Tena Takashi anakipa kitabu uhai, na bila yeye safari ingalikuwa ni baba na mwana wakipanda treni kutoka mahojiano haya kwenda mahojiano yale. Neno hili si la kupuuzwa. Kitabu bila Takashi kingalikuwa kikavu kweli, na katika fasihi mambo yaliyobuniwa huweza kusema kweli ambayo taarifa haiwezi kuisema.

Jibu letu ni kwamba riwaya ina mlango wake. Msomaji wa riwaya huingia akijua aingiako, kwa hiyo hadanganywi hata akionyeshwa majini. Kitabu hiki kimeingiza wasomaji kwa mlango mwingine. Kimewataja watu walio hai kwa majina yao, kimesimulia safari iliyofanyika, na kichwa chake kinaahidi ungamo. Mtu anayeungama kwamba alikosea juu ya nchi ngeni anahitaji mwenyeji wa kumsahihisha. Vinginevyo atajuaje kwamba amekosea? Tomino alikuwa mwenyeji wa namna hiyo, na mzee wa moto wa mwaka 1945 pia. Lakini mwenyeji anayeonekana kuliko wote ni sauti ya mwandishi mwenyewe iliyovikwa mavazi ya Kijapani. Takashi anapoudhika, hatujifunzi jinsi kijana wa Tokyo anavyoudhika. Twajifunza jinsi mgeni anavyodhani kwamba kijana wa Tokyo huudhika. Mzigo wa pili, ule ambao kichwa cha kitabu kinatuambia kwamba umefunguliwa, umefungwa tena kwa siri.

Liko na jambo la pili, nalo lanigusa zaidi kwa kuwa kazi yangu ni ya kukaa na vijana. Katika mji ule wote palikuwa na pembe moja ambayo, kwa hadithi ilivyo, haikuwa ya baba: urafiki wa mwana na kijana mwenzake. Mahojiano yalipangwa na baba, nyumba ya wageni ilichaguliwa na baba, Kabuki ilikuwa tamaa ya baba. Takashi peke yake ndiye aliyekuwa wa mwana, na sasa twaambiwa kwamba hata yeye alitoka katika kalamu ya baba. Kijana wa miaka 12 alitoa sharti moja tu, kwamba safari iwe na kitu chake. Safari ilimvunjia sharti hilo kwa Kabuki. Kitabu kililivunja tena kwa kumpa rafiki ambaye hakumchagua. Mistari miwili katika dibaji ingalitosha kutueleza ukweli, nasi tungalimpenda Takashi vile vile.

Pamoja na hayo, kitabu chafaa kusomwa. Ni kifupi, Kiingereza chake ni safi, na kinachekesha bila kumdharau mtu. Ni vitabu vichache vinavyoonyesha kwa wazi namna hii jinsi mzazi anavyotaka kuingia katika ulimwengu wa mwanawe, na jinsi anavyokanyaga vitu akiingia. Basi wewe mwanafunzi ukikipata, kisome polepole, na kila ukurasa ujiulize ni nani asemaye: ni Mjapani, ni mwana, au ni baba? Mara nyingi jibu litakuwa ni baba. Kisha jiulize swali ambalo kitabu hakikulijibu, yaani mwana angaliandika nini juu ya safari ile ile, lau kalamu ingalikuwa mkononi mwake.