Ulimi Unaojua Kiasi

Kiingereza kimejaa misemo ya kukopa. Sikiliza redio asubuhi, ingia mahakamani mchana, utakutana na déjà vu, coup de grâce, vis-à-vis, bona fide. Kuiandika si taabu. Taabu ni kuitamka. Wanaoitamka vizuri wanastahili sifa, maana ni mafundi ambao kazi yao ikinyooka hakuna anayeigundua.

Chukua déjà vu. Waingereza wengi humalizia kwa u yao ya kawaida. Mfaransa hasemi hivyo. Tamka i ya "siku", ulimi ubaki palepale, kisha chongoa midomo kama unayetaka kupiga mluzi. Kinachotoka si i wala u, ndiyo sauti yenyewe. Katika vis-à-vis, s ya kwanza hugeuka z kwa sababu inafuatwa na irabu, na ya mwisho haisikiki kabisa. Herufi moja, msemo mmoja, hukumu mbili.

Coup de grâce ndiyo inayowaumbua wengi. Ni pigo la kummaliza aliyekwisha kujeruhiwa, asiteseke zaidi. Watu wameambiwa kwamba Mfaransa humeza konsonanti za mwisho, basi nao wanameza kila wanayoikuta: "ku de gra". Lakini grâce huandikwa na e mwishoni, na e hiyo, ingawa kimya, ndiyo inayomlazimu msemaji aitoe s. Ukiimeza, Mfaransa atasikia pigo la mafuta. Hili si kosa la asiyejua kitu. Ni la aliyejua nusu akaharakisha. Ndivyo j ya Beijing inavyolainishwa na watangazaji wengi wa Kiingereza ili isikike kigeni zaidi, ilhali j ya Wachina iko karibu zaidi na ya "jambo".

Kilatini kina mkasa wake. Kati ya karne ya 15 na ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilihama, na Kilatini kilichosomwa Uingereza kikahama nazo. Fide ikawa "faidi", habeas ikawa "heibias". Baadaye shule zilirudia matamshi ya Warumi, lakini wanasheria hawakubanduka. Ndiyo maana hata leo wakili wa Nairobi au Dar es Salaam husoma prima facie kama "praima feshi", na Cicero, msemaji wa Roma ya kale, angefufuka asingeambulia kitu. Hakuna ubaya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kilatini cha mahakama kimelima miaka mingi mno kuulizwa kwao wapi.

Mwaka 1926 BBC iliunda kamati ya kushauri kuhusu Kiingereza cha redioni, mwenyekiti akiwa mshairi Robert Bridges, na baada yake mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Kazi hiyo ilirithiwa na kitengo cha matamshi. Mwaka 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilipozuia ndege Ulaya, ilibidi watangazaji walitamke jina hilo hewani, lenye ll inayosikika kama "tl". Kitengo kiliwapa silabi zinazowezekana katika kinywa cha Kiingereza. Hakikuwataka wawe watu wa Iceland kwa dakika moja.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Msomaji wa habari akiacha Kiingereza chake ghafla na kusema "Pari" badala ya Paris, msikilizaji anaiacha habari na kumtazama yeye. Fundi hufungua kamusi kabla ya kukaribia kipaza sauti, humuuliza mwenye lugha, kisha huamua. S ya grâce haina mjadala, kwani bila yake neno ni jingine. U ya vu ni hiari, kwani kila mtu ameshaelewa. Fide ibaki "faidi", kwani ndivyo mahakama inavyoijua.