Mwenye Shauri na Mwenye Kalamu: Uhakiki wa Kanuni za Royal Society na Jarida Lake

Utangulizi

Jumuiya ya kitaaluma kwa kawaida hupimwa kwa vitabu inavyotoa na kwa majina ya wanachama wake mashuhuri. Ni nadra kupimwa kwa kanuni zake, yaani yale maandishi makavu yanayoeleza nani atakuwa katibu, nani atashika hazina, na nani ataamua kipi kichapishwe na kipi kirudishwe. Hata hivyo ni katika maandishi hayo ndipo haki ya mwanachama hulindwa au hupotea.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki kanuni za Royal Society, yaani Jumuiya ya Kifalme ya London. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, jarida lake, Philosophical Transactions, lilianza kutoka tarehe 6 Machi 1665, na lingali likitolewa hadi leo. Pili, majarida mengi ya kitaaluma yalifuata nyayo zake, pamoja na mema na makosa yake. Hoja yetu ni kwamba kanuni zile zilieleza vizuri namna ya kumpata kiongozi, lakini kwa muda mrefu zilinyamaza juu ya swali lililo gumu zaidi: mwenye wadhifa afanye nini shauri linapomhusu yeye mwenyewe?

Muundo wa uongozi

Jumuiya hii ilianza na mkutano uliofanyika Gresham College, London, tarehe 28 Novemba 1660, baada ya mhadhara wa Christopher Wren. Mfalme Charles wa Pili aliipa hati ya kwanza mwaka 1662 na ya pili mwaka 1663. Hati hizo ziliweka Baraza la watu 21, Rais akiwa mmoja wao. Chini ya Rais walikuwako Mtunza Hazina na makatibu wawili. Kila mwaka, katika sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, wanachama walipaswa kupiga kura, na wajumbe kumi wa Baraza kuwapisha wengine.

Utaratibu huo unastahili sifa. Kubadilisha karibu nusu ya Baraza kila mwaka huingiza mawazo mapya bila kuipoteza kumbukumbu ya kazi iliyotangulia. Aidha, makatibu wawili huweza kusaidiana na pia kuangaliana. Wa kwanza kushika nafasi hizo walikuwa John Wilkins, mtumishi wa kanisa ambaye mwaka 1668 alifanywa Askofu wa Chester, na Henry Oldenburg, mzaliwa wa Bremen katika Ujerumani.

Lakini uchaguzi wa kila mwaka si kinga kamili. Hati haikusema Rais achaguliwe mara ngapi. Isaac Newton alishika urais tangu 1703 hadi kifo chake mwaka 1727. Joseph Banks alikaa tangu 1778 hadi 1820, zaidi ya miaka arobaini. Kura ilipigwa kila sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Hapa twaona kwamba kanuni yaweza kutimizwa kwa herufi huku kusudi lake likiwa limekufa. Leo Rais hushika wadhifa kwa miaka mitano, na badiliko hilo ni ungamo la kimya kwamba kanuni ya awali ilipungukiwa.

Jarida la nani?

Upungufu wa pili ulihusu jarida. Wengi hudhani kwamba Philosophical Transactions lilikuwa mali ya Jumuiya tangu mwanzo. Sivyo. Baraza liliamua Machi 1665 kwamba jarida lipewe idhini chini ya hati, na kwamba liangaliwe kwanza na baadhi ya wanachama. Lakini kazi, gharama na faida vilikuwa vya Oldenburg mwenyewe. Yeye ndiye aliyeandikiana barua na wataalamu wa Ulaya, akatafsiri, akachagua, akapeleka kwa mpiga chapa.

Bidii yake haina shaka. Hata hivyo, jukumu lisiloandikwa katika kanuni hufa na mtu aliyelibeba. Oldenburg alifariki Septemba 1677. Nehemiah Grew aliliendeleza jarida kwa muda mfupi, kisha likasimama mwaka 1679. Robert Hooke alitoa chapisho lingine badala yake, na Philosophical Transactions halikurudi hadi mwaka 1683. Jumuiya ilikuwa na hati ya Mfalme, Baraza na hazina, lakini haikuwa na kifungu kilichosema ni wajibu wa nani jarida litoke. Hata liliporudi liliendelea kuwa mikononi mwa katibu mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa karibu miaka sabini.

Shauri la mwaka 1712

Udhaifu huo ulijionyesha wazi katika mgogoro wa Newton na Gottfried Wilhelm Leibniz juu ya uvumbuzi wa kalkulasi. Leibniz alikuwa mwanachama wa Jumuiya tangu mwaka 1673. Alikuwa wa kwanza kuchapisha njia yake, mwaka 1684, katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig. Newton alikuwa ameipata njia yake mapema zaidi, katika miaka ya 1665 na 1666, lakini hakuichapisha. Kisha John Keill akaandika katika Philosophical Transactions maneno yaliyoashiria kwamba Leibniz alichukua kazi ya Newton akaibadilisha jina na alama tu.

Leibniz alifanya lile ambalo mwanachama yeyote aliyekosewa angelifanya: alimwandikia Katibu, Hans Sloane, akaomba haki kwa Jumuiya. Machi 1712 kamati iliteuliwa. Watatu kati ya wajumbe wake waliongezwa wiki moja tu kabla ya taarifa kusomwa, tarehe 24 Aprili. Leibniz hakuitwa kujieleza. Majina ya wajumbe hayakuchapishwa pamoja na taarifa. Na taarifa yenyewe, kama maandishi yaliyobaki yanavyothibitisha, iliandaliwa na Newton, ambaye alikuwa Rais wa Jumuiya na mmoja wa pande mbili za shauri. Mwaka 1715 Philosophical Transactions likachapisha uhakiki mrefu wa kitabu kilichotokana na taarifa ile, bila jina la mwandishi. Mwandishi alikuwa Newton.

Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa mwenye shauri, mkuu wa baraza la hukumu, mwandishi wa hukumu, na mhakiki wa hukumu yake mwenyewe. Wahenga walisema, mganga hajigangi. La kutisha zaidi ni kwamba hakuna kifungu cha kanuni kilichovunjwa. Kamati iliteuliwa kihalali, taarifa ilisomwa mkutanoni, na jarida lilitoka kwa idhini. Kanuni hazikumzuia kwa kuwa hazikuwahi kumfikiria.

Yawezekana msomaji akauliza: kama Newton kweli alitangulia kuvumbua, hukumu ile ina kosa gani? Jibu ni kwamba kulikuwa na maswali mawili. La kwanza ni nani alitangulia. La pili ni kama Leibniz aliiba. Taarifa ililijibu la kwanza kwa namna iliyowaacha wasomaji wadhani la pili nalo limejibiwa. Leo wanahistoria wanakubaliana kwamba kila mmoja alifikia uvumbuzi wake peke yake. Leibniz alifariki Hanover mwezi Novemba 1716, tuhuma ikiwa bado juu ya jina lake.

Haki inatudai pia tuseme kwamba upande wa pili haukuwa safi. Mwaka 1705 Acta Eruditorum lilichapisha uhakiki usio na jina uliomdogosha Newton, na mwandishi wake alikuwa Leibniz, ingawa alikana. Basi kosa halikuwa la taifa moja wala la mtu mmoja. Lilikuwa kosa la majarida yaliyowaruhusu wakubwa wao kuandika juu ya mambo yao wenyewe wakiwa wamefunika nyuso. Waliolipa gharama ni wengine. Kwa vizazi kadhaa wanahisabati wa Uingereza walishikamana na alama za Newton, wakabaki nyuma ya wenzao wa bara la Ulaya, hata mwaka 1812 vijana wa Cambridge, miongoni mwao Charles Babbage na John Herschel, walipounda chama cha kuleta njia za huko nyumbani kwao.

Dawa ya mwaka 1752, na mapungufu yake

Mwaka 1751 John Hill alichapisha kitabu cha kudhihaki makala dhaifu za jarida. Mwaka uliofuata Jumuiya ililichukua jarida rasmi, ikaweka Kamati ya Makala iliyoamua kwa kura ya siri. Pia ilitangaza kwamba Jumuiya kama chombo haitoi maoni juu ya ukweli wa jambo lolote linalochapishwa.

Hatua hiyo iliondoa mamlaka ya mtu mmoja. Lakini kura ya siri humlinda mpiga kura, wala haimpi mwandishi sababu. Aliyekataliwa hakujua kosa lake, na aliyekubaliwa hakujua wema wake. Ilibidi kungoja miaka ya 1830 ndipo wasomaji wateule walipoanza kutoa taarifa za maandishi kuhusu makala.

Isitoshe, kimya cha kanuni kiliendelea kudhuru mahali pengine. Mwaka 1902 mhandisi Hertha Ayrton alipendekezwa kuwa mwanachama. Baraza likashauriwa na wanasheria kwamba hati haimruhusu mwanamke aliyeolewa kuchaguliwa. Wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, hawakuingia hadi mwaka 1945. Mahali kanuni inaponyamaza, wenye viti ndio huisomea maana.

Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu twaweza kutoa vipimo vitatu vya kanuni za jumuiya yoyote yenye jarida. Kwanza, je, zinamtaka mwenye wadhifa aondoke kikaoni shauri linapomhusu? Pili, je, mlalamikaji anahakikishiwa kusikilizwa kabla ya hukumu, na kuwajua wanaomhukumu? Tatu, je, mhariri anadaiwa kutoa sababu, na jarida litaendelea akiondoka?

Wengi wetu tutaketi katika kamati za katiba, au tutakabidhiwa uhariri wa jarida dogo la chuo. Huko tutakuta vifungu vingi juu ya mihuri, akidi na ada, na vichache sana juu ya siku ambayo mwenyekiti mwenyewe atalalamikiwa. Jumuiya ile iliongozwa na mmoja wa watu wenye akili kubwa kuliko wote waliopata kuishi, na kaulimbiu yake, Nullius in verba, ilikataza kukubali jambo kwa neno la mtu tu. Hata hivyo, mwaka 1712 ilikubali kwa neno la Rais wake. Tunapoandika kanuni, basi, tusiwaandikie wabaya peke yao. Tuwaandikie pia walio bora, katika siku ambayo heshima yao wenyewe imeguswa.