Mkono Unaolijua Tumbo

Kwanza daktari mzee alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Kisha akavuta kiti, akaketi kando ya kitanda ili mkono uwe sawa na tumbo la mtoto, usilishukie kutoka juu. Mtoto alikuwa wa miaka minane au tisa, ameletwa kwa boti kutoka kimojawapo cha visiwa vya Ziwa Victoria, tumbo limemtangulia. "Shikamoo, babu," akasema. "Marahaba, mjukuu wangu. Umekula nini asubuhi?" Mtoto alipokuwa angali anaeleza habari za uji, kiganja cha mzee kilikwisha kutua chini kabisa, upande wa kulia, karibu na mfupa wa nyonga.

Madaktari vijana waliosimama nyuma yake walitazamana. Bandama hukaa juu kushoto, chini ya mbavu. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Mzee hakusema kitu. Alimwambia mtoto avute pumzi, akatulia. Vidole havikuchimba wala kukimbia huku na huku. Vilisubiri pumzi ilete kilichopo. Havikukuta kitu. Akasogea kidogo kwenda juu na kushoto, pumzi nyingine, akasogea tena. Alipofika karibu na kitovu akasimama. "Hili hapa," alisema kwa sauti ya chini, akamshika mkono kijana aliyekuwa karibu na kuuweka palepale. Mtoto akavuta pumzi, na ukingo mgumu, wenye pengo dogo upande wa mbele, ukashuka ukagusa vidole vya kijana yule. Muda wote huo mzee hakulitazama tumbo. Alimtazama mtoto usoni, maana uso ndio unaotangulia kusema panapouma.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo hili. Bandama likivimba halishuki wima. Linapotoka chini ya mbavu za kushoto hukuta utando unaoishikilia pembe ya utumbo mpana upande uleule, likazuiwa, likafuata mshazari kuelekea kitovu, na likizidi kukua huvuka hadi nyonga ya kulia. Likiwa limefikia ukubwa huo, anayeanza kutafuta chini ya mbavu anakuwa ameshaweka mkono juu yake, wala hatapata ukingo wowote, kama mtu aliyeketi katikati ya mkeka akipapasa kuuliza mkeka uko wapi. Ataandika kwenye faili kwamba bandama halishikiki, na faili litaaminika. Ndiyo maana mkono unaojua huanzia mbali, kule ambako pengine hakuna kitu, ukarudi taratibu. Sababu ya safari hiyo yote ni utando mmoja mdogo ambao mgonjwa hajawahi kuusikia, na ambao daktari huukumbuka vizuri zaidi ikiwa aliwahi kuushika kwa mkono wake.

Watoto wa visiwa vile wana maadui wawili wa bandama. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho mayai ya minyoo yake hukwama ndani ya ini, damu ikakosa njia, bandama likajaa. Na kuna malaria. Zamani mkono huu ulipima nchi, achilia mbali mgonjwa mmoja. Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala, wakakubaliana kwamba ukali wa ugonjwa huo mahali fulani utajulikana kwa kuwapapasa watoto wa miaka miwili hadi tisa na kuhesabu wenye bandama linaloshikika. Wakizidi nusu wakati wote, hapo malaria ni kali. Wakizidi asilimia 75, basi imeota mizizi na haimwachi mtu mwaka mzima. Watu walikwenda kijiji kwa kijiji, wakapanga watoto mstari, wakajua. Ilikuwa kazi ya vidole.

Elimu ya mkono huo huanzia kwa maiti. Kabla ya Andreas Vesalius kuchapa kitabu chake kikubwa mwaka 1543, mwalimu wa anatomia katika vyuo vya Ulaya aliketi kwenye kiti kirefu akisoma maandishi ya tabibu wa kale Galen, huku kinyozi akipasua chini yake. Galen alikuwa amepasua kima na nguruwe, na kwa karne nyingi wasomi walifundisha kwamba ini la binadamu lina sehemu tano, na ini lenyewe limelala mbele ya macho yao. Vesalius alishuka, akashika kisu mwenyewe. Nikiona leo darasa zima la udaktari limeinamia vioo vya tableti, likizungusha kwa kidole tumbo la rangi rangi lisilo na mafuta, lisilo na makovu, lisilo na harufu, naona tunarudishwa kwenye kile kiti kirefu.

Sisi tulifundishwa na mzee mmoja ambaye hatukulijua jina lake. Alilala kwenye meza ya chuma, formalini ikituchoma macho, na mwalimu wetu alipiga marufuku kicheko chumbani mle. Katika nchi zetu, wengi wa wanaolala juu ya meza hizo ni watu waliofia hospitalini, pasipo ndugu aliyekuja kuwachukua. Walikosa wa kuwazika, wakatufundisha sisi. Sijapata kuona deni kubwa kuliko hilo. Siku baada ya siku tulishuka tabaka kwa tabaka: ngozi, mafuta, misuli mitatu ya ubavuni ambayo kila mmoja nyuzi zake zina mwelekeo wake, kisha utando wa tumbo, mwembamba, unaong'aa. Nyuma ya utando tukakuta shuka la mafuta linaloning'inia kutoka kwenye mfuko wa chakula. Shuka hilo huganda penye uvimbe au tundu na kupafunika, usaha usisambae. Wengi wetu tulinyamaza tulipoelezwa hivyo. Kumbe tulitembea siku zote na mlinzi ambaye hatukuwahi kumjua.

Halafu mwalimu akamtaka kila mmoja aingize mkono kulia, chini ya ini, hadi kwenye bonde lililo kati ya ini na figo. "Mkumbuke hapa," alisema. Mtu akilala chali, damu inayovuja tumboni hukimbilia bonde hilo. Leo mgonjwa wa ajali akifikishwa mapokezi, anayeshika ultrasaundi hulitafuta bonde hilohilo mapema kabisa, na ukanda mweusi ukionekana pale hujua kuna damu. Mashine haikuleta elimu mpya ya mahali. Iliikuta ipo, imeachwa na watu walioingiza mikono.

Ila tumbo lina siri ambayo kisu peke yake hakikuionyesha, nayo ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Muulize mgonjwa wa kidoletumbo maumivu yalianzia wapi. Ataonyesha kitovu. Kidoletumbo kiko chini kulia, mbali na kitovu, na ni baada ya saa kadhaa tu ndipo maumivu huhamia kule kiliko. Sababu yake iko nyuma sana, kabla mtu hajazaliwa. Mimba ikiwa na wiki sita hivi, utumbo hurefuka kuliko nafasi iliyopo, ukatoka nje kuingia kwenye kiungamwana, ukajizungusha huko, na kufikia wiki ya kumi ukarudi ndani na kujipanga. Mishipa yake ya fahamu huingia uti wa mgongo pamoja na ile ya ngozi ya kitovu. Kwa hiyo utumbo ukiumia, ubongo husikia kitovu. Uvimbe ukishafika kwenye utando unaotanda ukuta wa tumbo, ambao una mishipa yake mingine, ndipo mgonjwa huweza kuweka kidole kimoja mahali hasa: theluthi moja ya njia kutoka mfupa wa nyonga kuelekea kitovu, pale alipopaeleza Charles McBurney wa New York mwaka 1889.

Kiwambo nacho kina habari kama hiyo. Huanzia shingoni kwa kijusi, kikashuka na mshipa wake wa fahamu hadi chini ya mapafu. Mama mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, mrija ukipasuka na damu ikajaa tumboni hadi kukigusa kiwambo, anaweza kulalamika bega. Bega! Asiyejua atampa dawa ya kuchua. Anayejua atauliza siku zake za mwezi, atabonyeza tumbo lake polepole, na atakimbia kumwita daktari wa upasuaji. Kati ya watu hao wawili kuna uhai wa mama, na kinachowatofautisha ni masomo ya anatomia ambayo mmoja wao aliyaona yanachosha.

Leo mgonjwa anaingia chumba cha daktari, hajamaliza kueleza, ameshaandikiwa karatasi: nenda ukapige picha. Anazunguka kutafuta fedha, anasubiri foleni, anarudi na majibu. Daktari anasoma majibu. Majibu yanatibiwa. Mara ngapi nimewasikia akina mama wakitoka nje wakisema, "Hata kunigusa hakunigusa"? Wanalisema kama watu walioibiwa, na ni kweli wameibiwa. Siisemi vibaya picha. Imeokoa wengi ambao vidole visingewaokoa. Lakini picha hujibu ulichoiuliza, na asiyepapasa hana swali la kuiuliza. Zachary Cope, katika kitabu chake cha 1921 kuhusu tumbo linaloshika ghafla, aliacha kanuni ambayo haihitaji umeme: mtu aliyekuwa mzima, akapatwa na maumivu makali ya tumbo yakadumu saa sita, mara nyingi ana jambo la upasuaji. Tabibu wa zahanati anaweza kuitumia kanuni hiyo usiku wa manane kwa mwanga wa tochi. Anachohitaji ni saa ya mkononi na mkono wenyewe.

Mkono huo una adabu zake, nazo zinapotea pamoja nao. Unaomba ruhusa. Unafunika kwa kanga kila pasipohitaji kuonekana. Unamwomba mgonjwa akunje magoti ili misuli ilegee. Unaanzia mbali na penye maumivu, mahali penyewe ukapaacha mwisho, maana ukimuumiza mara ya kwanza misuli hufunga na tumbo halikwambii tena kitu. Unasikiliza kabla ya kubonyeza. Tumbo lililokaa kimya kabisa, bila hata mngurumo, linaogopesha kuliko linalolalamika, na aliyewahi kukisikia kimya hicho kwa mgonjwa wa homa ya matumbo ambaye utumbo umetoboka hawezi kukisahau. Mambo haya hayajifunzwi kwa video. Hujifunzwa mkono wa mkubwa ukiwa juu ya mkono wa mdogo, kama yule kijana na ule ukingo uliogusa vidole vyake.

Wazee wanaoyajua haya bado wapo. Wamestaafu. Wengine wako Moshi na Bukoba wakitunza migomba, wengine wamehamia kwa watoto wao mijini. Ninaowatembelea hawaombi mshahara. Wanauliza kama wodi bado zina wanafunzi. Enyi wakuu wa vyuo na waganga wafawidhi wa hospitali za mikoa, waandikieni barua wangali hai, muwape hata asubuhi moja kwa wiki, na muwatume vijana wakawapokee langoni.